Maji ya baridi hayana kesi: baridi yabisi inaanzia wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 36, naishi Tanga, napika maandazi na vitumbua vya kuuza. Mwaka jana, mtoto wa mwisho akiwa na miezi minne, vidole vya mikono yote miwili vilianza kuvimba na kuuma. Nikiamka alfajiri siwezi kufumba ngumi wala kukanda unga, mpaka ifike saa tatu ndiyo vinalegea. Nimepimwa damu, wakaniambia RF ipo, nina baridi yabisi. Mama mkwe anasema nimejiletea mwenyewe kwa kutoka motoni na kushika maji ya baridi. Lakini dada yangu anapika vilevile na yeye ni mzima. Naomba kujua ugonjwa huu umetoka wapi, na kama binti yangu ataurithi.

Jibu: Marahaba, dada, na pole sana. Nianze na neno la mama mkwe, maana naona linakuuma kuliko hivyo vidole. Hukujiletea. Maji ya baridi hayaleti ugonjwa huu, hata ukitoka jikoni jasho linakutiririka ukatumbukiza mikono kwenye ndoo ya barafu. Wanaougua wapo Norwei kwenye theluji na wapo Muscat kwenye joto la kukaanga.

Simlaumu mama, kwa sababu jina lenyewe la ugonjwa ndilo lililomfundisha hivyo. Baridi na yabisi ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, la pili likiwa na maana ya kukauka, na yanalingana kabisa na tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu iliyogawa maradhi yote kwa joto, baridi, unyevu na ukavu. Wazungu nao walikosea kwa njia yao. Neno lao la rumatizimu linatokana na Kiyunani chenye maana ya kutiririka, kwa kuwa waliamini kuna majimaji mabaya yanayoshuka kutoka kichwani na kutuama kwenye viungo. Ugonjwa wenyewe waliuchanganya na jongo mpaka mwaka 1800, pale Augustin Jacob Landré-Beauvais, daktari kijana katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alipoona kwamba jongo linalosemwa kuwapata mabwana wa kula nyama na kunywa mvinyo haliwezi kuwa hili linalowakunja vidole wanawake maskini aliokuwa akiwatibu. Mwaka 1859 Mwingereza Alfred Baring Garrod akaupa jina la rheumatoid arthritis, ambalo leo hospitalini linafupishwa kuwa RA.

Kuna sababu nyingine inayoifanya baridi isingiziwe, nayo ni saa. Mwili una saa yake. Zipo protini ambazo seli za kinga hutumia kupigiana kelele za hatari, na mojawapo, inayoitwa IL-6, hupanda usiku wa manane na kufikia kilele karibu na alfajiri. Kotisoli, homoni ya mwili yenyewe ya kutuliza moto huo, nayo hupanda kuelekea asubuhi, lakini kwa mgonjwa haitoshi kuuzima. Juu ya hapo, umelala saa kadhaa bila kusogeza vidole, na majimaji yamejikusanya humo. Mtu anaamka, anachukua udhu kwa maji ya bomba, vidole vimekakamaa. Atalaumu nini kama si maji? Ukakamavu huo unaozidi saa moja ndio alama yetu kubwa. Viungo vilivyochakaa kwa umri navyo hukakamaa asubuhi, lakini nusu saa haipiti vimelegea. Vyako vinangoja mpaka saa tatu asubuhi.

Sasa tuingie ndani ya kiungo. Wewe ni mpishi, kwa hiyo nitakupeleka kwenye paja la kuku. Ukilikata pale kwenye goti unaona kitu cheupe, kinang'aa na kinateleza, kimefunika mwisho wa mfupa: hilo ni gegedu. Kile kiute kinachonata vidoleni ndicho kinachofanya kiungo kisisagike. Kinachotengeneza ute huo ni utando laini unaozungushia kiungo kwa ndani, mwembamba mno. Kwa mtu mwenye afya sehemu yake ya juu ina tabaka moja hadi tatu tu za seli. Baridi yabisi ni ugonjwa wa utando huo. Mfupa na gegedu huumia baadaye, kama jirani anayeunguliwa na moto wa nyumba ya pili. Ndiyo maana picha ya eksirei ya mwanzo hutoka safi, na mgonjwa akaambiwa hana kitu.

Kwa nini utando ushike moto wakati hakuna kidonda wala mdudu? Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ndipo penye jibu la swali lako.

Protini yoyote ya mwili ni kama sentensi ndefu iliyoandikwa kwa herufi 20, ambazo ni zile asidi amino. Mojawapo ya herufi hizo inaitwa arginini. Mwilini mwetu sote kuna vimeng'enya, kwa kifupi PAD, ambavyo kazi yake ni kuichukua arginini na kuigeuza kuwa herufi nyingine iitwayo sitrulini. Herufi moja tu, lakini jaribu kuandika "baba" kisha ubadilishe herufi moja iwe "bata". Mabadiliko haya si ugonjwa. Yanafanyika kwenye ngozi yako kila siku, na yanaongezeka popote penye jeraha au uvimbe wenye joto. (Jina la sitrulini limetokana na jina la kisayansi la tikitimaji, ambako ilipatikana kwanza. Nalisema hili mapema ili mtu asije akakukataza tikitimaji. Kula kwa raha zako. Sitrulini ya kwenye tunda haiendi kujipachika kwenye protini zako.)

Kinga ya mwili ni kama sungusungu wa mtaa wanaomjua kila mkazi kwa sura. Protini iliyobadilishwa herufi inatokea mbele yao ikiwa na sura ngeni kidogo. Kwa watu wengi sungusungu hutazama, wakacheka, wakaiacha ipite. Kwa wachache huiandika kwenye daftari la wahalifu. Kuanzia siku hiyo, kila protini yenye sitrulini, popote ilipo mwilini, ni mtuhumiwa. Daftari hilo ni kingamwili. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba kingamwili za wagonjwa wa baridi yabisi zinaifuata hiyo sitrulini hasa, na kutokana na ugunduzi huo tukapata kipimo kinachoandikwa anti-CCP kwenye karatasi ya maabara. Kitunze kichwani, nitakirudia.

Linalowashangaza wengi ni kwamba daftari hilo, kwa dalili zote tulizonazo, halifunguliwi kwenye kiungo. Mara nyingi linafunguliwa mbali, penye utando unaogusana na dunia ya nje: mapafu na mdomo.

Ushahidi wa mapafu unatoka hasa kwenye sigara. Moshi unaunguza njia za hewa, PAD zinaamka, sitrulini inazidi. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2006 hesabu inayotisha: mvutaji aliyerithi jeni za hatari kutoka kwa baba na kutoka kwa mama alikuwa na uwezekano wa kupata baridi yabisi yenye kingamwili hizo mara 21 kuliko mtu asiyevuta na asiye na jeni hizo. Hukohuko Sweden, wanaoweka tumbaku mdomoni bila kuivuta hawakuonekana kuongeza hatari hiyo. Basi mkosaji si tumbaku yenyewe bali moshi unaoingia kifuani. (Wala ugoro usione umepata cheti, una madhara yake mengine, ya mdomo hasa.) Vumbi la mawe lina kesi kama ya moshi. Silika, ile chembe ngumu iliyomo kwenye mwamba na mchanga, huongeza hatari kwa wachimbaji na wapasua mawe. Tangu 1953 daktari Anthony Caplan alikuwa ameeleza mapafu ya ajabu ya wachimba makaa wa Wales waliokuwa na baridi yabisi. Nikiwaona kina mama wanaoponda kokoto kando ya barabara bila hata kitambaa puani, ninachowaza si macho yao peke yake.

Wewe hukutaja sigara, wala hukusema kama uliwahi kuponda kokoto. Nikuulize basi swali ambalo halijakaa vizuri kumwuliza mtu hadharani: fizi zako zikoje? Zinatoka damu ukipiga mswaki? Wapo bakteria wa fizi, Porphyromonas gingivalis, wenye kimeng'enya chao wenyewe cha kutengeneza sitrulini, jambo ambalo ni nadra sana kwa bakteria. Wapo wengine, Aggregatibacter actinomycetemcomitans, ambao sumu yao huzitoboa seli nyeupe za damu na kuzifanya zimwage protini zenye sitrulini kwa wingi. Hilo lilielezwa mwaka 2016. Wagonjwa wa baridi yabisi huonekana na ugonjwa wa fizi zaidi ya watu wengine. Sisemi ndiyo sababu yako. Nasema nenda kwa daktari wa meno.

Tuje kwa dada yako. Mmekula sufuria moja na mmeshika maji yaleyale, wewe unaumwa na yeye haumwi. Kwenye chembe za kinga kuna vibao, sayansi inaviita HLA, ambavyo kazi yake ni kubeba vipande vya protini na kuvionyesha kwa seli za ulinzi, kama mwuzaji anavyopanga samaki mezani wateja wakague. Umbo la kibao tunalirithi. Katika miaka ya 1970 Peter Stastny wa Dallas aliona kuwa wagonjwa wa baridi yabisi wana aina moja ya vibao kuliko watu wengine, na mwaka 1987 ikabainika kwamba aina kadhaa za vibao vya hatari zinafanana mahali padogo mno, herufi tano tu. Mfuko wa hapo unaipokea sitrulini vizuri kuliko arginini. Maana yake, mwenye kibao hicho anampangia sungusungu mtuhumiwa mezani, mbele kabisa. Ndugu wa tumbo moja mnaweza kurithi vibao tofauti, na hata mkirithi sawasawa bado haitoshi. Mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile, mmoja akiugua baridi yabisi, mwenzake huugua takriban mara 15 tu katika 100.

Afrika yenyewe imetufundisha jambo hapa. Uchunguzi wa kijiji kimoja nchini Nigeria uliochapishwa mwaka 1993 haukumpata mgonjwa hata mmoja, na vibao vya hatari navyo ni adimu zaidi huko Afrika Magharibi. Lakini Soweto, Afrika Kusini, mwaka 1975 walikuta kiwango kinachokaribia kile cha Ulaya, yaani karibu mtu 1 katika 100, ilhali vijijini kusini mwa Afrika wakati huohuo kilikuwa chini sana. Watu hawakubadilisha jeni kwa kupanda treni kwenda mjini.

Halafu kuna jambo ulilolitaja kwa kupita, nami nimelipigia mstari: ilianza mtoto akiwa na miezi minne. Wanawake huugua baridi yabisi mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na miezi michache baada ya kujifungua ni wakati ambapo ugonjwa huu hupenda kubisha hodi. Mimba yenyewe hufanya kinyume: zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata nafuu wakiwa wajawazito. Fikiria kazi aliyo nayo mwili wa mjamzito. Amebeba kiumbe ambacho nusu yake ni cha baba, mgeni halali, na kinga inapaswa kukivumilia kwa miezi tisa. Sungusungu wanapewa likizo. Mtoto akitoka, wanarudi kazini, na wakati mwingine wanarudi na hasira ya mapumziko.

Jambo hili la mimba lilichangia kuzaa mojawapo ya dawa mashuhuri za karne iliyopita. Philip Hench, daktari wa Mayo Clinic huko Marekani, mwaka 1929 alimwona mgonjwa wa baridi yabisi aliyepona maumivu alipopata ugonjwa wa ini unaogeuza macho na ngozi kuwa njano. Baadaye akaona nafuu hiyohiyo kwa wajawazito. Akajiambia kuna kitu mwilini kinachofanya kazi hii, na kwa kuwa hakukijua alikiita X. Mwaka 1948, akiwa na mwanakemia Edward Kendall, walimchoma mwanamke wa miaka 29 sindano ya homoni ya tezi za juu ya figo. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kugeuka kitandani akatembea siku chache baadaye. Homoni hiyo ni kotisoni. Tuzo ya Nobel ya 1950 ikafuata, wakagawana na Tadeus Reichstein wa Uswisi. Mpaka leo watoto wake, predinisoloni na deksamethasoni, wamejaa maduka ya dawa. Nitasema nao kabla sijamaliza.

Usije ukafikiri mtoto amekuletea ugonjwa, wala kunyonyesha. Daftari huenda lilikuwa limefunguliwa hata kabla hujabeba mimba yake. Uholanzi walikwenda kwenye benki ya damu, wakatafuta watu waliowahi kuchangia damu wakiwa wazima na baadaye wakapata baridi yabisi, wakayeyusha zile sampuli za zamani. Kwa karibu nusu yao kingamwili zilikuwemo tayari, kwa wastani miaka minne na nusu kabla ya kiungo cha kwanza kuuma. Utafiti huo ni wa 2004. Kwa hiyo ukianza kutafuta ulikosea nini mwaka jana, ulikula nini, ulishika nini, unatafuta kwenye ukurasa usio wake. Kujifungua kulifungua mlango tu.

Na mlango ukishafunguka? Utando uliokuwa na tabaka mbili tatu unaumuka kama unga uliotiwa hamira nyingi. Seli nyeupe zinaingia kwa maelfu, mishipa mipya ya damu inachipua kuzilisha, na zile seli za kawaida za utando, ambazo kazi yake ilikuwa kutengeneza ute, zinaota ukorofi: zinatambaa juu ya gegedu na kumwaga vimeng'enya vinavyolimeng'enya. Pembeni, pale utando unapopakana na mfupa, zinaamshwa seli zinazokula mfupa. Seli hizo kila mtu anazo, kwa sababu mfupa hukarabatiwa maisha yote, lakini hapa zinakula kuliko wajenzi wanavyojenga. Matokeo ni vishimo tunavyoviona kwenye eksirei baada ya miezi au miaka, na hivyo havizibiki. Katika kelele zote hizo ipo sauti moja kubwa, protini iitwayo TNF. Mjini London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walidai kwamba ukiizima hiyo moja nyingine nazo zitanyamaza. Mwaka 1992 wakawachoma wagonjwa wa kwanza dawa ya kuizuia, na ikawa kweli.

Ugonjwa huu una tabia ya kuchagua. Unapenda vifundo vya katikati ya vidole na vile vya kwenye kiganja, vifundo vya mikono, nyayo karibu na vidole, na hupiga pande zote mbili. Vifundo vya mwisho kabisa, karibu na kucha, kwa kawaida huviacha. Angalia vyako. Na kwa kuwa ni ugonjwa wa kinga, haukai mikononi tu: ule uchovu unaokulaza mchana, upungufu wa damu, macho makavu, kifua, hata moyo kwa miaka mingi, vyote vinaweza kutoka humo. Mgonjwa anayeambiwa mvivu kwa sababu amechoka saa sita mchana, mara nyingi ana IL-6 nyingi kwenye damu.

Kabla ya kuendelea na dawa, kuna kitu kwenye barua yako kinanisumbua. Umesema RF ipo, ukaambiwa basi ni baridi yabisi. RF ni kingamwili inayoshika kingamwili nyingine mkiani. Erik Waaler wa Norwei aliiona mwaka 1940. Huonekana kwa takriban wagonjwa 7 kati ya 10. Lakini huonekana pia kwa mtu mwenye homa ya ini ya B au C, kifua kikuu, malaria, VVU, na kwa wazee wasioumwa chochote. Kwetu huku, ambako hayo yote yapo mtaani, karatasi yenye RF peke yake haitoshi kumbandika mtu ugonjwa wa maisha. Omba anti-CCP kama inapatikana. Hiyo haidanganyi mara nyingi. Omba pia ESR au CRP, vinavyopima moto uliomo mwilini, na kipimo cha homa ya ini, ambacho utakihitaji hata hivyo kabla ya dawa.

Na ukiwa mtu wa pwani, jiulize kama maumivu yalianza na homa kali ya ghafla na vipele. Chikungunya inaweza kuiga baridi yabisi kwa miezi mingi. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 katika nyanda za juu za Makonde, upande wa Newala, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika, kwa jinsi wagonjwa walivyotembea wamejikunja. Lamu iliipata kwa nguvu mwaka 2004, Mombasa baadaye. Kwa hadithi uliyonipa, taratibu, pande mbili, mwaka mzima, bila homa uliyoitaja, mimi naelekea kwenye baridi yabisi. Lakini daktari wako anastahili kukuuliza.

Dawa nitazipita haraka kwa sababu swali lako lilikuwa la chanzo, isipokuwa mahali pawili ambapo siwezi kupita haraka.

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, daftari la sungusungu haziligusi. Vishimo vya mfupa vinaendelea huku wewe unajisikia nafuu. Predinisoloni inazima moto vizuri na haraka, na tunaitumia kwa muda tukisubiri dawa nyingine zishike. Ila miaka ya kuila kiholela huleta kisukari, presha, mifupa kuwa myepesi na uso kuvimba. Hapa ndipo pa kwanza: ukiuziwa unga au kidonge cha "mitishamba" kinachoondoa maumivu yote ya viungo kwa siku mbili, kitilie shaka. Mti usio na jina unaofanya kazi kama predinisoloni, mara nyingi umechanganywa na predinisoloni.

Dawa inayoligusa daftari, ya bei nafuu na ya miaka mingi, ni methotrekseti. Hapa ndipo pa pili: inamezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kama vidonge vingine. Chagua siku, sema Ijumaa, iandike kwenye boksi, na siku nyingine umeze asidi ya foliki kama utakavyoelekezwa. Damu na ini hupimwa kila baada ya muda. Kama bado unanyonyesha, au unawazia mtoto wa tano, sema kabla hujaandikiwa, kwa sababu methotrekseti ni mwiko kwenye mimba na kwenye kunyonyesha. Haidroksiklorokwini na salfasalazini zinaweza kutumika hapo. Zile sindano za kuzima TNF zipo lakini bei yake ni kubwa, na kwa nchi zetu zina mtego: TNF hiyohiyo ndiyo inayoufungia kifua kikuu kilicholala ndani ya mapafu. Ukiizima bila kupima TB kwanza, unakifungulia.

Binti yako. Ndugu wa karibu wa mgonjwa ana hatari ya mara mbili hadi nne kuliko mtu mwingine. Inasikika kubwa mpaka ukumbuke kwamba mtu mwingine hatari yake haifiki hata 1 katika 100, au ni hiyohiyo 1. Kwa hiyo katika mabinti 100 wenye mama kama wewe, 95 na zaidi hawataugua. Usimpime kingamwili wakati ni mzima; mtabaki na karatasi ya kuwanyima usingizi. Afanye mawili tu, mswaki na kukaa mbali na sigara, na akija siku moja kukwambia vidole vyake havifumbi ngumi asubuhi, asingoje mwaka kama wewe ulivyongoja.

Kuhusu biashara, usiache maandazi. Kanda unga jioni uumuke usiku, au mpe mkubwa wa watoto akande alfajiri, wewe ushike kukaanga vidole vikishalegea. Maji ya uvuguvugu dakika kumi kabla ya kazi yatakusaidia kweli, na mama mkwe akikuona anaweza kusema si nilikwambia. Mwache aseme. Kesho alfajiri, kabla ya maji yoyote, mwombe mtu apige picha ya mikono yako ukijaribu kufumba ngumi, kwa sababu ukifika kwa daktari saa tano asubuhi uvimbe utakuwa umepungua na yeye hataona ulichokiona wewe.